Tupeni pa kuegesha, mengine tutakuja nayo

Watanzania wengi waliowahi kumwona tembo wamemwona kupitia dirisha la basi. Nasema hivi kama dereva mstaafu wa lori, niliyetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kati ya bandari ya Dar es Salaam na foleni ya Tunduma. Barabara hiyo inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na anayepita tu halipi kiingilio. Basi la Mbeya likifika pale, abiria wa upande wa kulia wanasimama kuchungulia kushoto, watoto wanapiga kelele "twiga, twiga", mtu anapekua mfuko kutafuta simu, na simu ikipatikana twiga ameshabaki nyuma. Kwa familia nyingi, matembezi ya mbugani ndiyo hayo, na hayafiki saa moja.

Kwa sisi wa malori Mikumi ilikuwa sehemu ya kupita ukiwa umekaza mkono kwenye usukani. Kuna matuta, kuna nyati anayesimama katikati ya lami usiku wa manane akiwa mweusi kama lami yenyewe, na kuna bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga, kwa dola. Utingo wangu alikuwa akiliita bango lile menyu. Kushuka hairuhusiwi, hata kuchimba dawa, kwa hiyo kila dereva mwenye akili alimaliza shughuli zake Doma akitokea Dar, au Mikumi mjini akitokea Iringa.

Niliwaona pia wageni wakipita na magari yao ya kulala. Mzungu na mkewe na watoto wawili, gari lao lina hema juu ya paa, nyuma kuna jiko, matenki ya maji na viti vya kukunja. Wametoka Cape Town, wanapandisha hadi Nairobi. Hawakuwa matajiri wa kutisha. Baadhi yao walikuwa walimu tu. Nilichokuwa nakifikiria kila nikiwapita ni kwamba sisi madereva wa malori tunaishi hivyohivyo mwaka mzima. Tunalala kabini, tunapika ugali pembeni ya gurudumu, tunaoga kwa dumu. Tofauti ni kwamba wao waligeuza njia kuingia getini, sisi tulinyoosha.

Nilipostaafu nikanunua Coaster iliyochoka na njia ya Mbagala. Fundi wa kuchomelea aling'oa viti vyote isipokuwa sita vya mbele, akaunga vitanda vya chuma pande mbili, chini yake masanduku ya kuwekea vitu. Magodoro ni ya sponji ya kawaida. Kuna mtungi mdogo wa gesi, madumu ya maji, taa ya sola, na wavu wa mbu kwenye kila dirisha. Namba nyeupe ya biashara ikabadilishwa kuwa ya njano. Pamoja na hayo, askari mmoja barabarani alitusimamisha, akapanda ndani, akahesabu vitanda badala ya viti, akashuka akitikisa kichwa na kututakia safari njema.

Tulikuwa mimi, mke wangu, binti yetu na wanawe watatu. Tuliondoka kwenda Mikumi mwezi wa nane, na mwezi una maana yake. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi zimekauka na maji yamebaki sehemu chache, kwa hiyo wanyama wenyewe wanakuja mahali unapoweza kuwaona. Masika, uwanda wa Mkata ni udongo mweusi unaonata, na Coaster isiyovuta magurudumu yote manne ingezama pale hadi ngazi. Hata kiangazi hatukuingia kila njia. Tulibaki kwenye zile zilizochongwa, tukaona vya kutosha.

Jambo la kwanza ambalo abiria wa basi hajui ni kwamba mnyama haonekani kwa kumtafuta sana. Unazima injini, unakaa. Dakika kumi za mwanzo kuna vichaka tu. Kisha sikio linatikisika, na unagundua ulichokuwa unakidhania kichuguu ni pofu aliyelala. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa na daftari la shule, akiandika kila alichokiona pamoja na alichokuwa anakifanya: swala pala wanakimbizana, ngiri amepiga magoti anakula, yangeyange wamempanda nyati mgongoni. Kwenye bwawa la viboko, ambako unaruhusiwa kushuka, alikaa muda mrefu akijaribu kuhesabu pua zilizokuwa zikiibuka na kuzama. Kila alipokaribia kumaliza, moja ilizama na nyingine ikatokea pengine. Akaandika "wengi".

Mbung'o nao walikuwepo, kule kwenye misitu ya miombo. Wadudu hao hufuata gari linalotembea na wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Binti yangu alikuwa ameshona mapazia mazuri ya bluu. Yaliteremshwa yakawekwa chini ya kitanda, hayakuonekana tena.

Faida kubwa ya kulala ndani ya hifadhi, na hapa ndipo hoja yangu ilipo, ni alfajiri. Familia iliyolala gesti ya mjini huamka, hutafuta chai, hupanga foleni ya malipo getini, na ikiingia jua limeshapanda na simba wamelala kivulini hadi jioni. Sisi kwenye saa kumi na mbili na nusu, uji bado uko mezani, tulikuwa tunawatazama majike wawili wakivuka njia na midomo yenye damu mbichi. Wajukuu hawakuongea. Bibi yao, ambaye kabla ya safari alikuwa ananiambia pesa hizi zingetosha kupaua banda la kuku, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunishika bega.

Usiku una mambo yake. Ngurumo ya simba husikika kilomita nyingi, na mtu asiyezoea anadhani mnyama yuko chini ya ekseli. Mjukuu mdogo aliniuliza, "Babu, simba anaweza kufungua mlango wa Coaster?" Nikamwambia, "Mjukuu wangu, konda mwenyewe ulikuwa unamshinda." Tulicheka wote, kisha komba akalia mtini kama mtoto mchanga na kicheko kikaisha.

Sasa nije kwenye pesa, maana hotuba za utalii wa ndani zimekuwa nyingi na zote zinalalamika kwamba Mtanzania hapendi kutembelea hifadhi zake. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka uleule wa 1961 aliotoa Tamko la Arusha la kuahidi kuwalinda wanyamapori, anajulikana kwa kusema kwamba yeye binafsi hakuwa mtu wa kutumia likizo kutazama mamba. Basi kama ni kutopenda, tumetoka mbali. Lakini mimi siamini kwamba ni kutopenda. Abiria wasiopenda wanyama wasingesimama kwenye viti kila basi linapoingia Mikumi.

Kiingilio cha raia si tatizo. Tunalipa kwa shilingi, kidogo sana kuliko mgeni anayelipa kwa dola, na watoto wanalipa pungufu ya hapo. Kinachomaliza mfuko ni vitu viwili: gari na kitanda. Kukodi gari la kitalii kwa siku moja kunazidi mshahara wa mwezi wa watu wengi ninaowafahamu, na hoteli nyingi za ndani ya hifadhi zina bei zilizoandikwa kwa ajili ya mtu aliyeshuka kwenye ndege. Gari la kulala linajibu yote mawili kwa mkupuo, kwa sababu kinachokupeleka ndicho unacholalia. Na nchi hii haina upungufu wa Coaster wala Hiace zilizochoka.

Kinachokosekana ni pa kuegesha. Katika kambi moja tuliyolala, ambayo siitaji jina, bomba lilikohoa hewa, choo kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na eneo lenyewe lilikuwa na mteremko kiasi kwamba usiku wote mke wangu aliniporomokea. Usiku tembo wawili walikuja, wakanusa tangi tupu, wakaondoka. Tulikuwa tumelipia kulala pale. Gari nalo hulipiwa kwa kadiri ya uzito wake, na Coaster ni nzito kuliko gari dogo. Mtu niliyepita mizani maisha yangu yote silalamiki kupimwa; nalalamika kwamba mizigo yangu ya zamani ilipata maegesho bora zaidi kuliko wajukuu wangu.

Wenzetu wa Afrika Kusini walishalifanyia kazi hili siku nyingi. Kambi za Hifadhi ya Kruger, kama Skukuza na Satara, zina sehemu za magari ya kulala, majiko ya pamoja, mabafu ya maji moto na duka la kununua mkate na barafu. Wageni wengi wa Kruger ni wananchi wenyewe, wanarudi na watoto wao kama wazazi wao walivyowaleta wao. Hapa kwetu, filamu ya Royal Tour iliyozinduliwa 2022 iliwaita wageni, na ni jambo jema. Lakini wageni hukata safari ukizuka ugonjwa au vita huko duniani. Mwaka 2020 tuliona hoteli zilivyobaki tupu. Mwalimu wa Kibaha mwenye Hiace yake angeendelea kuja.

Nimeshaambiwa kwamba nikifungua mlango huo watakuja watu na spika, kreti za bia na takataka. Hofu hiyo ina ukweli wake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini chupa za maji bado zinarushwa kutoka madirishani hapohapo Mikumi, pamoja na maganda ya ndizi na mabaki ya chipsi. Nyani wamejifunza kusubiri kando ya lami, na wanaosubiri kando ya lami ndio wanaokanyagwa. Mmoja wa waliosomeshwa na mabasi aliingia dirishani kwetu akachukua mkate mzima, mke wangu akipambana naye kwa upawa. Kwa hiyo niko upande wa wanaotaka sheria kali: muziki usisikike nje ya gari lako, chakula kifungiwe, na anayerusha kitu alipe faini palepale, kama ile ya menyu. Ila tusiitumie tabia ya abiria wa basi kumfungia mlango mwenye familia. Anayelala mahali hupachafua kidogo kuliko anayepapita mbio.

Hifadhi peke yake, hata hivyo, haitaweza kubeba yote, na nadhani si lazima ibebe. Tulipomaliza Mikumi tulikata kushoto kwenda Kidatu, tukapita mashamba ya miwa hadi Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hiyo ya mwaka 1992 ina kilomita za mraba 1,990, na humo unatembea kwa miguu tu. Gari unaliacha nje. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alituruhusu kuegesha uani, akatupa ufunguo wa bafu na ndoo za maji, tukamlipa sehemu ndogo ya bei ya chumba. Jioni akatuuzia samaki wa Kilombero na wali. Hakuwekeza hata shilingi moja mpya. Uwanja ulikuwepo, kisima kilikuwepo.

Asubuhi kijana muongozaji aliwapandisha binti yangu na wajukuu kwenye maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita zipatazo 170. Magoti yangu yalibaki na gari. Lakini hata pale uani, kabla ya chai, niliwaona mbega wekundu wakiruka juu ya paa la jirani, wanyama ambao watafiti wanavuka bahari kuja kuwaona. Na barabarani, kuelekea Ifakara, nilikiona kitu ambacho dereva yeyote angekivulia kofia: mahali ambapo barabara imepitishwa juu ili tembo wanaokwenda kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere wapite chini yake. Katika miaka yangu ya lori tembo ndiye aliyekuwa akitupisha sisi. Hapa mhandisi amempisha yeye.

Naziomba hifadhi zetu, kabla ya kutafuta mwekezaji wa hoteli nyingine, zitenge katika kila lango kubwa eneo tambarare lenye maji ya uhakika, vyoo viwili, uzio unaowazuia tembo wasing'oe mabomba, na bei iliyobandikwa ukutani kwa shilingi, ili mtu ajue gharama akiwa bado nyumbani. Na kwa wakazi wa Doma, Mikumi mjini na Mang'ula, msisubiri hifadhi. Aliye na kiwanja, kisima na ukuta aweke kibao barabarani chenye bei. Coaster yetu ni nyeupe, ina hitilafu ya taa ya nyuma kushoto, na itaingia.