Mvinyo wa Dodoma usipoteze jina kama pilipili

Wasomaji wetu walioko Johannesburg wanaifahamu Rosettenville, kitongoji cha kusini mwa jiji hilo. Wareno kutoka kisiwa cha Madeira walijenga maisha yao huko, wakafuatwa na wenzao walioondoka Msumbiji na Angola nchi hizo zilipopata uhuru mwaka 1975. Ni huko Rosettenville ambako mwaka 1987 mkahawa mmoja wa kuku uligeuka kuwa Nando's, na kuku wa piri-piri akaenea duniani.

Piri-piri ni pilipili. Baadhi ya kamusi za Kiingereza zenyewe hulirudisha neno hilo kwenye Kiswahili. Lakini ni nani anayeisoma chupa ya sosi mjini London akaikumbuka pwani yetu? Hatumlaumu mtu. Neno lilisafiri na wafanyabiashara, na wenyewe hatukuwa na mahali pa kuliandikisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pilipili haikuwa ya mji mmoja, hivyo hiyo imekwishapita. Dodoma ni mahali palipo kwenye ramani, na mvinyo wake bado tunaweza kuuwekea daftari.

Wareno hao hao wanaweza kutufundisha. Mwaka 1756 serikali yao iliweka mipaka ya bonde la mto Douro, ambako ndiko hutoka mvinyo wa Port. Karibu miaka 250 baadaye, katika mkataba wa 1999 na Umoja wa Ulaya, Afrika Kusini ilikubali kuacha hatua kwa hatua kuyatumia majina ya Port na Sherry kwenye mvinyo wake. Waafrika Kusini nao hawakulala. Tangu mwaka 1973 wana utaratibu wao wa asili ya mvinyo: chupa ikiandikwa Stellenbosch kama asili yake, zabibu zote ziwe zimetoka Stellenbosch. Na mwaka 2021 walifanikiwa kulisajili jina la majani yao ya Rooibos huko Ulaya.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mataifa makubwa. Basi tuitazame Georgia, nchi ndogo ya milima ya Kaukasi. Ina mvinyo mwekundu mkavu uitwao Mukuzani, unaotengenezwa kwa zabibu aina ya Saperavi kutoka eneo maalumu la mkoa wa Kakheti. Mwingine hawezi kupanda Saperavi kwingine akauita mvinyo wake Mukuzani. Mwaka 2006 Urusi, iliyokuwa soko lao kuu, ilipiga marufuku mvinyo wa Georgia hadi 2013. Wakulima waliumia sana. Lakini walipolazimika kubisha hodi katika masoko mengine, walikwenda na majina yenye mipaka na masharti, na mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulianza kuyalinda kwa mkataba.

Sisi je? Zabibu zilipandwa na wamisionari huko Bihawana katika miaka ya 1950. Leo zinalimwa Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na vijiji vingine, na huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Georgia hawaliwezi. Tuna hata aina yetu, Makutupora nyekundu. Pamoja na hayo, kila msimu tunasikia kilio kile kile: viwanda vimejaa, mnunuzi hayupo, zabibu zinaozea shambani, mkulima anauza kwa bei ya kutupa au anabaki na mchuzi wa zabibu asiojua aupeleke wapi.

Hatusemi kwamba jina pekee litaondoa kilio hicho. Matangi, barabara na mikopo vinahitajika. Lakini jina lenye sheria humpa mkulima nguvu moja kubwa: anayetaka kuandika Dodoma kwenye chupa hana budi kununua zabibu za Dodoma. Sheria zetu za ushuru zimekwishautambua ukweli huu kwa kutoza ushuru nafuu mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani. Ikiwa mtoza ushuru anaweza kuuliza zabibu zimetoka wapi, kwa nini mnywaji asijibiwe kwenye chupa?

Zanzibar ilitangulia. Sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008 ina vifungu vya kulinda majina ya bidhaa yanayotokana na mahali. Tunaiomba Bara iufuate mfano huo kwa vitendo: ichore mipaka ya zabibu za Dodoma, iandike masharti pamoja na wakulima wenyewe, na imteue msimamizi wa kukagua chupa.

Tunajua wapo wasomaji wetu wasiogusa kileo, nasi tunawaheshimu. Hoja yetu ni jasho la mkulima, na karafuu, kahawa na mchele wa Kyela vinaihitaji kinga hiyo hiyo.

Wengine watasema chema chajiuza. Ni kweli, lakini pilipili nayo ilijiuza. Ilijiuza hadi Rosettenville na kwingineko, na mwenye jina hakupata hata ahsante.