Singapore na Bhutan: nani anahesabiwa?

Katika mikutano ya vijana na hata tunapokaa wachungaji peke yetu, majina ya nchi mbili za Asia yanarudi mara kwa mara. Mmoja anasimama na kusema: Kongo inahitaji mtu kama yule wa Singapore, mkono wa chuma, miaka thelathini tu, mambo yatanyooka. Mwingine anamjibu: hapana, pesa haileti furaha, tazameni Bhutan, kule mfalme anapima furaha ya watu wake, hapimi dola. Kila mmoja anapigiwa makofi na upande wake, tunafunga kwa maombi, tunarudi nyumbani. Tumeona ni vizuri tuzitazame nchi hizi mbili jinsi zilivyo, maana zote mbili tunazitumia kama mahubiri bila kuzijua.

Tuanze na ukubwa. Singapore ina kilomita za mraba zipatazo 735. Ziwa Kivu lingeimeza mara tatu. Juu ya kisiwa hicho wanaishi watu karibu milioni 6. Bhutan iko milimani, kati ya India na China, na kilomita zake za mraba ni 38,000 na kidogo. Ingeingia ndani ya Kivu ya Kaskazini na nafasi ikabaki, lakini watu wake hawafiki laki nane, pungufu ya wakaaji wa mji wa Goma. Singapore inaishi kwa bandari, viwanda na mabenki, na pato lake la mwaka likigawanywa kwa kila kichwa linapita dola 80,000. Bhutan ni nchi ya mashamba, misitu na nyumba za watawa wa Kibudha. Pato hilo ni kama dola 4,000. Mtoto anayezaliwa Singapore anatarajiwa kuishi miaka 83, yule wa Bhutan zaidi kidogo ya 70.

Tarehe 25 Mei 1961 moto uliteketeza mtaa wa Bukit Ho Swee huko Singapore, mtaa wa nyumba za mbao na makuti zilizobanana. Watu karibu 16,000 walibaki bila makao. Wasomaji wetu wa Bukavu hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wanajua moto unavyoruka kutoka nyumba ya mbao hadi nyingine kabla hata ya mtu kuokoa godoro. Tofauti ni kile kilichofuata. Serikali ilikuwa imeunda ofisi ya ujenzi wa nyumba mwaka mmoja kabla, na haukupita mwaka familia zilizounguliwa zikaanza kupewa nyumba za ghorofa za bei nafuu. Kazi hiyo haikusimama. Leo karibu wenyeji 8 kati ya 10 wanakaa katika nyumba zilizojengwa na ofisi hiyo, na wengi wao wamezinunua kwa hati ya miaka 99, wakitumia akiba inayokatwa kwenye mshahara wao kila mwezi. Tangu mwaka 1989 kuna pia sheria kwamba kila jengo lichanganye Wachina, Wamalay na Wahindi kwa kiasi kilichowekwa, kwa sababu mwaka 1964 Wachina na Wamalay walikuwa wameuana barabarani. Huwezi kuuza nyumba yako kwa mtu wa kabila lingine kama nafasi za kabila hilo katika jengo zimejaa. Wengine wanalalamika kwamba sheria hiyo inawapotezea bei nzuri. Lakini watoto wao wanapanda ngazi moja.

Kisiwa hicho hakina dhahabu wala koltani. Hata maji ya kunywa kiliyaagiza kwa bomba kutoka Malaysia, na sehemu yake kinaendelea kuyaagiza.

Sasa ndugu yetu wa mkono wa chuma anafurahi. Asubiri kidogo. Ni kweli Lee Kuan Yew alikuwa waziri mkuu tangu 1959 hadi 1990, na chama chake kinatawala mpaka leo. Lakini mkono huo uligusa pia waliokuwa karibu na meza. Mwezi wa kumi mwaka 2024 S. Iswaran, aliyekuwa waziri wa usafiri, alihukumiwa miezi 12 gerezani kwa kupokea zawadi kutoka kwa wafanyabiashara: tiketi za mpira na za mashindano ya magari, pombe kali, baiskeli. Tunarudia: baiskeli. Tunaposema tunataka mtu mkali, mara nyingi tunamtaka awe mkali kwa wengine.

Na mkono huohuo ulifanya mengine. Chia Thye Poh, mbunge wa upinzani, alikamatwa mwaka 1966 akafungwa zaidi ya miaka 22 bila kufikishwa mbele ya hakimu. Alikataa kutia sahihi maneno ambayo serikali ilitaka ayakiri. Anayeomba Singapore ije Kongo aombe akijua kwamba yeye mwenyewe, au mtoto wake, anaweza kuwa Chia Thye Poh.

Ndani ya nyumba zile nzuri pia kuna jambo. Mwaka 2023 hesabu ya watoto ambao mwanamke mmoja anatarajiwa kuzaa ilishuka chini ya mmoja, ikafika 0.97. Serikali inawapa wazazi pesa za watoto tangu mwaka 2001, na bado vijana wanasita: masomo ni mashindano tangu utoto, kazi inakula jioni zote, na mwaka 2023 kibali tu cha kumiliki gari kwa miaka kumi kilipita dola 100,000 za Singapore kabla hujanunua gari lenyewe. Mwaka 1995 bunge lilipitisha sheria inayomruhusu mzee kumshtaki mtoto wake asipomtunza. Sisi tungesema ni aibu ya familia kufika huko. Tusikimbilie kujisifu, lakini. Tunao wazee wangapi wanaoitwa wachawi na watoto wao wenyewe, na hakuna hakimu anayewasikiliza?

Halafu Bhutan. Mfalme wa nne, Jigme Singye Wangchuck, alipokea ufalme mwaka 1972 akiwa bado kijana, na katika miaka hiyo alianza kusema kwamba furaha ya taifa ina uzito kuliko pato la taifa. Watu wengi wanafikiri hayo ni maneno matamu ya watalii. Sivyo. Wapimaji hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza mambo ambayo wizara zetu haziulizi: unalala saa ngapi, unamwamini jirani yako, unajua hadithi za wazee, mara ngapi unakasirika. Katiba ya 2008 inaamuru kwamba asilimia 60 ya nchi ibaki msitu siku zote. Shule na matibabu ya msingi ni bure. Mabwawa yao yanatoa umeme wa kutosha kuuzia India, na karibu kila nyumba ina taa. Sisi tunaokaa kando ya Ruzizi tukiwasha mishumaa tunajua kwamba mto peke yake hauwashi kitu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2006 mfalme huyo, akiwa na miaka 51 na nguvu zake zote, aliachia kiti kwa mwanawe ili nchi ipige kura, ingawa raia wengi walimsihi asifanye hivyo. Jambo hilo tungependa lisomwe polepole huku kwetu.

Lakini ndugu yetu wa furaha naye asubiri. Kwa kipimo chao wenyewe, mwaka 2022 waliohesabiwa kuwa na furaha walikuwa 48 kwa mia. Katika ripoti ya dunia ya mwaka 2024, ambayo huwauliza watu wenyewe wanaridhika kiasi gani na maisha yao, iliyotangulia Asia nje ya Mashariki ya Kati ilikuwa Singapore. Na vijana wa Bhutan wanaondoka. Walimu, wauguzi, makarani wa serikali, kwa maelfu, wanakwenda Australia kusoma na kuosha vyombo, kwa sababu nyumbani hakuna kazi ya kuwalipa. Ujumbe huu tunawaandikia hasa wahubiri wenzetu wanaopenda kuwaambia maskini kwamba umaskini wao una furaha ya pekee. Mmbhutan aliyekulia katika nchi inayopima furaha, mwenye msitu, mwenye shule ya bure, anapopata visa anapanda ndege. Hatumhukumu. Anataka mshahara unaotosha kujenga nyumba ya mama yake.

Tena kuna watu ambao hesabu ya furaha haikuwafikia kabisa. Kusini mwa Bhutan walikaa wakulima wanaosema Kinepali, waitwao Lhotshampa, wengi wao wa dini ya Kihindu. Sheria ya uraia ya 1985 na sensa ya 1988 zilianza kuwatenga: leta karatasi ya kodi ya mwaka 1958, au wewe si mwenyeji. Mwaka uliofuata vazi la kaskazini likaamriwa kwa wote, na lugha ya Kinepali ikaondolewa shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu karibu laki moja walifukuzwa au walikimbia, wakaishia kambini Nepal. Walikaa humo karibu miaka ishirini. Kuanzia mwaka 2007 zaidi ya laki moja walipelekwa nchi za mbali, wengi sana Marekani. Wandugu zetu Wakongo waliotoka kambi za Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania walifika Marekani kwa mpango huohuo wa wakimbizi, katika miaka ileile.

Wakristo waliobaki Bhutan hukutana majumbani, maana makanisa hayakubaliwi na sheria. Singapore, karibu mtu mmoja kati ya watano ni Mkristo, lakini mhubiri anayetukana dini nyingine anajua polisi watamwita.

Na Singapore ina watu wake wasiohesabiwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa Covid ulipoenea, wagonjwa wengi mno walikuwa vibarua kutoka Bangladesh na India, waliolala wengi katika chumba kimoja, kwenye mabweni ya pembeni mwa mji. Ndio waliojenga ghorofa zile. Serikali ilitangaza hesabu yao kila siku mbali na hesabu ya "jamii".

Hapo ndipo tunapoona mabishano ya vijana wetu yamekosea swali. Wanauliza kipi kipimwe, pesa au furaha. Nchi hizi mbili zilichagua kipimo, zikafanya kazi kwa bidii miaka mingi, zikapata walichokitafuta, na hilo si dogo. Kilichoumiza watu ni mstari uliochorwa kabla ya kuhesabu: huyu ni wetu, huyu si wetu. Sisi tunaosoma habari ya mchungaji aliyeacha kondoo 99 tungepaswa kuuona mstari huo upesi. Kongo haijafanya sensa ya watu tangu 1984, na badala yake kila upande una orodha yake ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, wengine wakiisoma hata madhabahuni.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wabishi wa pande zote mbili hawajalisikia. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2023 mfalme wa sasa wa Bhutan alitangaza mji mpya mkubwa, Gelephu, kwenye mpaka wa India, ili vijana wapate kazi na walioko Australia warudi. Mji huo una sheria zake, na mwaka 2024 ulichukua sheria za biashara kutoka Singapore, ukaziandika kama zake. Kwa hiyo nchi ya furaha imekwenda kuazima kwa nchi ya pesa. Gelephu iko kusini, katika wilaya ya Sarpang, mojawapo ya wilaya walizotoka wale Lhotshampa. Katika miji ya Ohio na Pennsylvania kuna wazee wanaokumbuka mashamba yao ya machungwa ya huko yalikuwa upande gani wa mto, na mpaka sasa hawajapewa njia ya kurudi.