Ukipandisha chombo, badilisha vyuma kabla ya kununua rangi

Bahari inapochafuka na biashara kupungua, wenye mashua na majahazi hungoja maji ya bamvu, wakavipandisha vyombo ufukweni, na kazi ya kalafati inaanza. Ndicho kipindi ambacho ofisini kwangu hupita watu wengi kuomba ushauri. Maswali ni yale yale: rangi gani inadumu, turubai gani linafaa kwa tanga, au kama salfeti zilizoungwa zitavumilia msimu mwingine. Ni nadra mtu kuniuliza kuhusu vyuma vya sitaha. Vyuma vile hupigwa nyundo mbili tatu, vikapakwa rangi pamoja na mbao, chombo kikarudi majini kiking'aa.

Msimamo wangu ni huu, na najua baadhi ya wenye vyombo hawatanipenda: kama fedha ya matengenezo haitoshi kwa kila kitu, acha rangi ya juu, acha tanga jipya, acha hata kuandika upya jina la chombo. Anza na vyuma vinavyobeba uzito wa tanga, nanga na usukani. Vitoe vyote, vitazame, na kile kilicholika usikirudishe.

Vyuma ninavyovisema si vingi. Kuna bolti zinazofunga boriti inayoshika mlingoti. Kuna pete na chuma kinachoshikilia abedari, ile kapi ya chini ambamo jarari inapita wakati wa kupandisha foromali. Kuna pini iliyo ndani ya gofia kule juu, mahali pa kufungia demani, pete ya kamba ya nanga pale omo, na bawaba za usukani kule tezi. Kwa mashua ya kawaida ya mizigo, vyote hivyo vinaenea kwenye ndoo moja. Lakini foromali ni gogo zito linaloning'inia juu ya vichwa vya mabaharia na juu ya magunia yako ya mwani. Abedari ikichomoka upepo ukiwa mkali, foromali inashuka ghafla bila kumuuliza mtu amekaa wapi.

Wazee watasema vyuma hivi vilikuwepo tangu zamani na havikuua watu. Ni kweli kwa sehemu, lakini kuna kitu kimebadilika. Zamani kamba ilikuwa ya mnazi au katani. Upepo ukizidi, kamba ndiyo iliyokuwa inakatika kwanza. Mnashusha tanga, mnaunga, mnaendelea. Leo karibu kila chombo kina kamba ya nailoni. Nailoni ya unene ule ule ina nguvu zaidi ya katani, tena inavutika na kurudi kwa kishindo. Sasa nguvu ile inatafuta kitu kingine cha kuachia, na inakipata: chuma kilichoshikwa na misumari minne ya zamani. Tumebadilisha kamba bila kubadilisha kinachoishika. Ukiongeza na mashine ya kuendeshea, ambayo mashua nyingi sasa zinafungwa, mtikisiko wake unalegeza nati ambazo zamani hazikuwa na cha kuzilegeza.

Sasa tuangalie bolti yenyewe. Chukua bolti ya milimita 12. Kichwa chake juu ya sitaha kinaonekana kizima, na nati chini ni nzima. Itoe. Katikati, pale inapopita kwenye mbao yenye maji, mara nyingi utakuta kiuno kama cha nyigu. Kama kiuno hicho kimebaki milimita 8, mtu atasema imepungua kidogo tu. Hapana. Nguvu ya bolti hutokana na eneo la mkato wake, na bolti iliyotoka milimita 12 hadi 8 imepoteza zaidi ya nusu ya chuma chake. Unabeba mzigo wa chombo kizima kwa chini ya nusu ya bolti uliyolipia, na kwa juu hakuna dalili yoyote.

Dalili zipo, lakini inabidi kuzitafuta. Mchirizi wa rangi ya kutu unaotoka chini ya kichwa cha bolti na kurudi kila baada ya kupaka rangi ni dalili. Mbao iliyokuwa nyeusi kuzunguka msumari ni dalili. Ufa mdogo unaoanzia kwenye tundu pia ni dalili, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inavimba ndani na kupasua mbao kama kabari. Chomeka ncha ya kisu kwenye ule weusi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, tatizo limeshavuka chuma limefika kwenye mti. Hapo kuingiza bolti mpya kwenye tundu lile lile ni kupoteza fedha.

Suala la chuma gani ununue ndilo linalowachanganya wengi, na wauzaji wa mjini hawasaidii. Mtu anauziwa stenlesi kwa bei kubwa, au anaokota vipande vya shaba kwenye vyuma chakavu, anarudi kijijini akiamini amepata kitu cha maisha. Kabla ya kununua, jiulize chombo chako kimepigiliwa kwa nini. Vyombo vyetu vingi vimepigiliwa misumari ya chuma. Chuma na shaba vikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na katika betri hiyo anayelika ni chuma. Shaba inabaki nzuri, msumari wa jirani unaisha.

Jambo hili si geni. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilivika tumbo la meli yake HMS Alarm mabati ya shaba ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Meli ilipokaguliwa mwaka 1763, mabati yalikuwa yamebanduka sehemu nyingi kwa sababu misumari ya chuma iliyoyashika ilikuwa imelika. Walichogundua ni kwamba pale ambapo karatasi iliyofungia mabati ilisahaulika katikati ya shaba na msumari, msumari ulisalimika. Leo, zaidi ya miaka 250 baadaye, bado nakuta kiraka cha shaba kimepigiliwa misumari ya chuma chini ya mkondo wa maji, na mwenye chombo anajivunia.

Stenlesi nayo ina ugonjwa wake. Inategemea hewa ili ijilinde. Ikiwa juu ya sitaha, wazi, inaoshwa na mvua, itakaa vizuri. Ikizikwa ndani ya mbao iliyolowa muda wote, inakosa hewa na kulika kwa vishimo vidogo vidogo ambavyo huvioni mpaka ikatike. Shaba ya manjano, ile inayotumika kwenye makomeo na mabomba ya ndani ya nyumba, ndiyo mbaya kabisa kwa kazi hii: zinki iliyomo ndani yake huchujwa na maji ya chumvi, inabaki kitu cha rangi ya waridi kinachovunjika kwa mkono.

Kwa mashua iliyopigiliwa chuma, ushauri wangu ni kununua chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto, na vyuma vyote viwe vya aina hiyo moja. Utakitambua kwa macho: kina rangi ya kijivu iliyofifia, kinakwaruza kidogo ukikipapasa. Kile kinachong'aa na kuteleza, mara nyingine chenye rangi ya dhahabu kwa mbali, kimepakwa zinki nyembamba sana, na kinafaa kwa kitanda kuliko jahazi. Nunua bolti na nati zake mahali pamoja, kwa sababu nati za bolti iliyochovywa hutengenezwa na nafasi kubwa kidogo. Nati ya kawaida itakwama njiani, na fundi mwenye haraka ataikwangua zinki ili ipite. Hapo umelipia ulinzi halafu ukaulipia tena uondolewe.

Kuna na hili la kuchoma mbao za chombo kilichokufa ili kuokota misumari kwenye majivu. Nafahamu ugumu wa maisha, lakini zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi, na moto wa magogo hufika hapo bila shida. Msumari uliotoka kwenye majivu hauna tena koti lake. Utumie kwenye banda la mbuzi. Pete za nondo tunazokunja wenyewe nazo zitazamwe: isiyochomelewa pale ncha zinapokutana hufunguka kidogo kidogo kila nanga inapovutwa. Na ukitaka kuchomelea chuma chenye zinki, ikwangue kwanza sehemu hiyo na ufanye kazi nje penye upepo, moshi wake unaleta homa.

Kazi yenyewe ya kufunga haihitaji mashine. Tundu la zamani likipanuka, lipanue mpaka ukutane na mti mzima, ulizibe kwa kiziba cha mbao ngumu iliyokauka, kisha utoboe upya kwa keekee au drili. Ikiwezekana, sogeza tundu jipya upande. Zungushia pamba iliyolowekwa mafuta chini ya kichwa cha bolti, kama mafundi wetu wanavyofanya kwenye kichwa cha msumari, ili maji yasipate njia ya kushukia. Chini ya sitaha weka kibao cha nyuma cha mti mgumu na washa pana kabla ya nati. Hiki kibao ndicho kinachorukwa mara nyingi, kwa kuwa hakionekani. Bila hicho nati ndogo inavuta yote kwenye eneo la ukubwa wa sarafu, na ubao unatoboka. Na chuma chochote kinachovutwa na kamba kisipigiliwe misumari peke yake. Kiwe na bolti inayopita mpaka upande wa pili.

Sababu ninayopewa zaidi ya fedha ni muda. Kutoka bamvu moja hadi nyingine ni kama siku 14, na mwenye chombo hataki kukosa maji ya kushushia. Siku kumi zinakwenda kwenye kalafati, rangi inachukua mbili, vyuma vinakosa siku. Geuza mpangilio. Toa vyuma siku ile ile chombo kinapokauka, vipeleke kwa mhunzi au mjini wakati fundi wa kalafati anaendelea na tumbo la chombo. Chuma kikitolewa, mbao chini yake inapata jua na unaiona ilivyo. Kuvitoa mwishoni maana yake ni kuharibu kalafati na rangi uliyokwisha kulipia.

Kuhusu nani alipe, nina maoni. Chombo kikirudi, gharama za safari hutolewa, kisha mwenye chombo, nahodha na mabaharia hugawana. Vyuma havimo kwenye gharama za safari, kwa hiyo vinabaki deni la mwenye chombo mpaka aone aibu. Mimi ningetenga kiasi kidogo kila safari kabla ya mgao, kikae kwa nahodha au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kisiguswe kwa lolote ila vyuma na kamba. Mabaharia watanung'unika. Lakini wao ndio wanaokaa chini ya foromali.

Wewe mkulima au mfanyabiashara unayepakia nazi, chumvi au mwani huna chombo, lakini una sauti kuliko unavyodhani, kwa sababu nahodha anahitaji mzigo wako. Mkulima wa mwani hana bima ya kumlipa magunia yakizama. Kabla hujapakia, panda juu. Shika pete ya nanga uizungushe, ukitazama kama kuna mchirizi wa kutu. Omba kuona chini ya abedari. Ukaguzi wa TASAC kwa vyombo vya bara na wa ZMA kwa vyombo vya Zanzibar upo na hakuna sababu ya kuukwepa, ila mkaguzi anaona kichwa cha bolti. Shina lililo ndani ya mbao ameliona yule tu aliyelitoa. Kwa hiyo muulize nahodha swali moja: bolti za abedari zilitolewa lini mara ya mwisho? Akijibu kwa kukuonyesha rangi mpya, mzigo wako unaweza kungoja chombo kingine.

Na kwa mwenye chombo aliyekwisha kufunga vyuma vipya: mbao iliyokaa juani itavimba ikirudi majini, kisha itulie. Baada ya safari mbili za kwanza ingia chini ya sitaha na spana, kaza nati zote, ndipo upake grisi kwenye nyuzi zilizobaki nje.