Asali ni Dawa, Lakini si ya Kila Kitu

Wasee, tuongee ukweli kuhusu asali. Mtandaoni siku hizi inatibu kila kitu: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, hadi kuachwa. Lakini mtu akipata kikohozi cha siku mbili tu, anaipita asali jikoni na kukimbia duka la dawa kuitisha antibiotiki. Tumegeuza mambo juu chini.

Maoni yangu: asali ina kazi yake. Tuipe hiyo, tusiibandike ingine.

Kazi ya kwanza ni kikohozi cha mafua. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Ukizimeza ovyo, bakteria wanazizoea, na siku utakayozihitaji kweli zinakataa kufanya kazi. Kule Uingereza, taasisi ya NICE ilitoa mwongozo mwaka 2019: kikohozi cha kawaida, jaribu asali kwanza. Shosho alijua hiyo kitambo. Kijiko kimoja, ama uichanganye na maji moto na ndimu.

Ya pili ni vidonda. Asali ina asidi, maji yake ni kidogo, na sukari yake huvuta maji kutoka kwa bakteria. Lakini hospitalini hutumika asali iliyotayarishwa maalum, si ile ya chupa ya soda uliyouziwa kwa jam. Ukiungua vibaya, enda kliniki.

Sasa hapa sitabembeleza mtu. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1 asipewe asali, hata ya kulamba kwa kidole. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulismu. Tumbo lake bado changa, zinamea humo na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi kupumua kunakuwa shida. Kama kuna mtu mzima nyumbani anayempaka mtoto asali mdomoni, mwambie kwa heshima, lakini mwambie.

Na wewe mwenye kisukari, karibu asilimia 80 ya asali ni sukari. Kutengenezwa na nyuki hakuibadilishi.

Kikohozi nacho kikifika wiki 2, wacha kulamba kijiko, enda upimwe TB. Katika hospitali za serikali kipimo na dawa ni bure.

Asali ya Baringo ama ya Mwingi ni tamu, nunua ukiweza. Lakini anayekuuzia kama dawa, muulize inatibu ugonjwa gani. Akisema yote, rudisha pesa mfukoni.