Nani Alisema Kila Padi Isiyo ya Sony ni Haramu?

Kuna imani iliyokita mizizi kuanzia Luthuli Avenue jijini Nairobi hadi soko la Tawa kule Mbooni: kwamba padi ya gemu ambayo haikutoka kwa Sony ni feki, na kwa kuwa ni feki, anayeiuza anavunja sheria na anayeinunua ni mshirika wake. Mwenye kibanda huiuza akiwa ameshusha sauti. Mzazi anayemnunulia mwanawe hujitetea kabla hajaulizwa. Afisa akipita kukagua, huiinua, akauliza bei, akatikisa kichwa. Wote watatu wamekubaliana juu ya jambo ambalo sheria ya Kenya haisemi.

Imani hii ni ya uvivu, na ina gharama. Inamfanya mchuuzi mwaminifu aonekane sawa na mlaghai, na inamwacha mlaghai ajifiche nyuma ya mwaminifu.

Tuitazame padi yenyewe kabla ya kufungua vitabu. Katika chumba cha gemu cha mji mdogo, PlayStation moja huchezwa kutwa na makumi ya mikono, na karibu wote wanacheza mpira. Kijiti cha kushoto ndicho hufa kwanza, maana ndicho kinachomwendesha mchezaji uwanjani. Ndani yake mna vipande viwili vidogo vya kupimia kijiti kimelala upande gani. Utando wa kaboni uliomo ukichubuka, beki wako anaanza kutembea peke yake kuelekea kona wakati hujamgusa. Kisha kinafuata kitufe cha R2, cha kukimbia, ambacho vijana hukibana kama kwamba nguvu ya kidole itaongeza mbio. Mwenye chumba hapo ana njia tatu. Anunue padi ya Sony kwa maelfu ya shilingi, fedha ambazo atazirudisha kidogokidogo, gemu baada ya gemu. Ampelekee fundi abadilishe kijiti kwa kipuri ambacho Sony haikukitengeneza wala kukiidhinisha. Au anunue padi ya kampuni nyingine kwa bei ndogo zaidi. Kwa imani ninayoipinga, njia ya kwanza tu ndiyo halali. Ajabu ni kwamba hakuna anayemwita fundi mhalifu.

Sasa igeuze padi usome mgongoni. Mojawapo imeandikwa jina la kiwanda chake, jina ambalo pengine hujawahi kulisikia, na chini yake maelezo kwamba inafanya kazi na PS4. Nyingine imeandikwa SONY na kupigwa nembo ya PlayStation, ilhali haikupita hata karibu na mlango wa Sony. Bei zinaweza kulingana, plastiki ikawa ileile. Lakini mbele ya sheria hizi ni bidhaa mbili zisizohusiana. Ya pili inamdanganya mnunuzi kuhusu mtengenezaji wake. Hiyo ni ghushi, na sina huruma na anayeiuza akijua, hata akiniambia anatafuta karo. Ya kwanza haijamdanganya mtu.

Mkulima wa Mbooni anaijua tofauti hii bila wakili. Hununua bapa la jembe dukani, lenye alama ya mamba, kisha mpini akachongewa na mtu wa sokoni. Mchongaji hakuomba leseni kwa kiwanda cha jembe. Angekuwa na kesi iwapo angepiga mpini wake chapa ya mamba.

Sheria yetu ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inakwenda njia hiyohiyo. Inamruhusu mtengenezaji wa kipuri au kifaa cha ziada kuitaja alama ya mashine ambayo kifaa hicho kinaingia, maadamu kuitaja huko kunahitajika ili mnunuzi aelewe, na si hila ya kumfanya aamini kimetoka kwa mwenye alama. Kwa hiyo maandishi kwamba padi inafaa PS4 si kosa yakiwa peke yake. Hata maandishi makubwa si kosa kwa ukubwa wake. Swali ni je, yanapotosha?

Basi hofu imetoka wapi? Imetoka kwa sehemu katika sheria nyingine, Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008, ambayo tafsiri yake ya ughushi imetandazwa mithili ya wavu wa kuvulia dagaa. Inazungumzia kuiga bidhaa zenye ulinzi bila idhini ya mwenye haki, mpaka nakala ikawa ile ile au ikafanana nayo kwa kiasi kikubwa. Sasa hapo, kufanana kwa kiasi kikubwa ni kupi? Kila padi ina vijiti viwili, vitufe vinne kulia, mishale minne kushoto, na masikio mawili ya kushikia. Mkono wa binadamu haujabadilika ili kuwapa watengenezaji maumbo mapya. Na adhabu si ya mzaha: kwa kosa la kwanza, kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya bidhaa hizo, au vyote viwili. Mchuuzi wa Tawa akisikia hivyo, ni haki yake kushusha sauti.

Upana huo ulishawahi kufikishwa mahakamani, tena kwa jambo zito kuliko gemu. Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, walilalamika kwamba tafsiri hiyo ingeweza kuzikumba dawa za bei nafuu ambazo ni halali kabisa lakini hazikutengenezwa na kampuni iliyozivumbua. Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliwakubalia. Alisema vifungu hivyo, vikitumiwa dhidi ya dawa za aina hiyo, vinahatarisha haki ya uhai, utu na afya. Najua hukumu ile ilihusu dawa, na padi si dawa. Hakuna atakayekufa kwa kukosa kucheza. Lakini kosa la kufikiri ni lilelile: kuchukua kitu kisicho cha kampuni ya kwanza na kukifanya kiwe cha uongo. Kama tuliweza kulitenganisha hilo katika suala la uhai, inatushindaje kwenye vijiti vya plastiki?

Mwaka huohuo, mwishoni mwa Septemba, serikali ilizima simu zilizoitwa feki nchini kote. Zilizozimwa zilikuwa zile ambazo namba zao za utambulisho hazikuwa halali. Kilichobaki katika kumbukumbu za watu, hata hivyo, ni kwamba simu ya bei ndogo yenye jina geni ni simu feki, na serikali inaweza kuizima wakati wowote. Imani hiyo ilihamia kwenye chaja, kisha vipokea sauti, kisha padi. Ulipokuja msako wa bidhaa za magendo na feki wa 2018, wakati wafanyabiashara wadogo wa Nyamakima jijini Nairobi walipokuwa wakilia kwamba shehena zao zimezuiwa, maneno magendo, feki, hafifu na bei rahisi yalikuwa yamechanganywa chungu kimoja.

Mabadiliko ya 2018 katika sheria hiyo ya bidhaa ghushi yaliongeza utata mwingine: ni kosa kuingiza nchini bidhaa zisizo na chapa yoyote, isipokuwa malighafi. Hivyo padi iliyo tupu kabisa mgongoni inamweka mwagizaji wake mashakani. Lakini ona sheria hiyo inadai nini. Inadai jina. Haidai jina la Sony. Mwagizaji anayeiogopa ana dawa moja halali, kuiandika bidhaa yake kwa chapa yake mwenyewe na kuisimamia. Wale wanaokimbilia kubandika jina kubwa wanatoka kwenye mashaka na kuingia kwenye kosa la wazi.

Watetezi wa imani hii husema, sawa, jina si lake, lakini ubunifu je? Si Sony ndiyo iliyovumbua padi ya aina hii? Hapa ndipo ninapopata burudani. Mtetemo wa mkononi, ule unaoifanya padi ya PlayStation itikisike gari linapogonga ukuta, uliiponza Sony yenyewe. Kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Immersion iliishtaki kwa kuvunja hataza zake, na mwaka 2004 baraza la mahakama huko California likaamua Sony ilipe dola milioni 82. PlayStation 3 ilipoingia sokoni 2006, padi yake haikuwa na mtetemo. Mwaka 2007 pande hizo mbili zikasuluhishana, na mtetemo ukarudi baadaye. Sony haikuitwa feki Luthuli wala kwingineko. Iliitwa mshtakiwa katika kesi ya madai, ikalipa, maisha yakaendelea.

Tena haki za ubunifu zina mwisho na zina mipaka ya nchi. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, hataza hudumu miaka 20, na umbo lililosajiliwa hulindwa miaka 15 kwa wingi wake. DualShock ya kwanza ilitoka 1997. Na hataza iliyoandikishwa Tokyo au Washington haiwi hataza ya Kenya mpaka iandikishwe hapa nchini au kupitia ARIPO, shirika la kanda la Afrika la mali ya ubunifu, kule Harare. Alama ya biashara ni habari nyingine, inaweza kuhuishwa daima, ndiyo maana jina na nembo ndivyo vya kuheshimiwa kwanza. Zile pembetatu, duara, msalaba na mraba juu ya vitufe, utambulisho wa PlayStation tangu 1994, ziko mahali ambapo mwanasheria mzuri wa kila upande angepata la kusema. Huo ndio utata halisi. Unahitaji hakimu, hauhitaji kutikisa kichwa.

Kuna upande mmoja ambao siutetei, nao ni vifaa vya kuvunja kufuli. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinamgusa anayekwepa kinga za kiteknolojia na anayesambaza vifaa vilivyobuniwa kwa kazi hiyo. Mahakama za nje zimeyumba hapa: Australia, mwaka 2005, mahakama yake ya juu ilimpa ushindi fundi aliyekuwa akiipachika PlayStation chipu ya kukwepa kufuli, na bunge likaja kuibadilisha sheria; Marekani, Februari 2022, Gary Bowser wa kundi la Team Xecuter alihukumiwa miezi 40 kwa biashara ya vifaa vya kufungulia mashine za Nintendo. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kampuni ya Datel haikukiuka hakimiliki ya Sony kwa programu iliyobadilisha tu thamani zinazokaa kwa muda katika kumbukumbu ya mashine wakati gemu inachezwa. Kufungua kufuli ili kuingiza gemu za wizi ni jambo moja, kuichezea gemu uliyoinunua ni jingine.

Na hapa nina swali kwa wanaoshupalia padi. Katika vyumba vingapi vya gemu mashine imefunguliwa na gemu zote zilizomo zimenakiliwa bure? Hilo ndilo lenye kifungu cha sheria kilicho wazi, lakini diski ya ndani haionekani juu ya meza, na padi inaonekana.

Wengine watanitajia Novemba 2023, Microsoft ilipoanza kuvizuia vifaa visivyoidhinishwa kwenye Xbox. Mchezaji aliona namba ya hitilafu na kupewa wiki mbili za kuendelea kutumia kifaa chake. Wanauliza: kama ni halali, mbona kampuni inavizuia? Kwa sababu inaweza, na kwa sababu leseni huingiza fedha. Katika kuvizuia kuna hoja ya kuwazuia wadanganyifu wa mtandaoni, nayo ina uzito. Lakini uamuzi wa kampuni kuhusu programu yake si hukumu dhidi ya aliyeuza kifaa. Muuzaji anawiwa tu kumwambia mteja ukweli, kwamba kesho kifaa hiki kinaweza kukataliwa na mashine.

Usalama? Ndiyo, betri mbovu na chaja hafifu huunguza nyumba, na kazi ya Shirika la Viwango, KEBS, ni kuzizuia. Zizuiwe. Lakini zizuiwe kwa ubovu. Mwaka 2016 Samsung, kampuni yenye jina na leseni zote, ilizirudisha simu za Galaxy Note 7 kwa kuwa betri zake zilikuwa zikiwaka moto. Zilikuwa orijino kabisa.

Kwa hiyo, ewe mwenye kibanda Tawa: padi yenye jina la Sony ambayo unajua si ya Sony, iondoe leo, hiyo sikutetei. Yenye jina lake mwenyewe iweke mbele, useme bei kwa sauti ya kawaida, na umwambie mteja kinachofanya kazi na kisichofanya. Na afisa akitaka kuichukua, mwombe aorodheshe alichochukua, akupe nakala, na aandike ni haki ya nani iliyovunjwa na kwa kifungu gani. Asipoweza kuyajaza hayo mawili, hana sababu ya kuondoka nayo. Mahakama ipo hapohapo Tawa.