Msafiri akishuka bandarini Goma, nani anamhesabu?

Kuna sentensi moja ninayoisikia karibu kila siku bandarini, boti ikishafunga kamba: «Mumefika, sasa kila mutu na Mungu wake.» Watu wanacheka, wanachukua mizigo yao, wanapanda juu. Mimi sicheki tena. Shida yote ya usalama wa wasafiri wetu wa ziwa Kivu imo ndani ya maneno hayo. Mwenye boti anaona kazi yake imeisha mguu wako ukigusa ubao, na viongozi wanaona kazi yao haijaanza.

Ndugu wasomaji, tusidanganyane juu ya nani anashuka pale. Si wafanyabiashara wakubwa tu. Kuna mama wa Minova mwenye magunia ya maharage, anataka kuuza na kurudi siku ile ile. Kuna mwanafunzi wa Bukavu anayefuata karatasi zake za shule. Kuna mgonjwa kutoka Idjwi. Na kuna mgeni, wachache siku hizi lakini wapo, mwenye kutaka kuona mawe meusi ya Nyiragongo, chukudu zikishuka mlima, na kula sambaza pembeni ya maji. Hawa wote ni watu wa siku moja. Hawana nyumba Goma, hawajui mtaa gani umetulia leo na mtaa gani jana usiku ulisikia risasi, na wote wanahesabu masaa.

Na wamekuwa wengi kwa sababu ziwa limegeuka barabara. Mwezi wa Februari 2024 njia ya Sake kwenda Minova ilikatwa na vita, biashara yote ikashuka kwenye maji. Januari 2025 vita viliingia Goma na uwanja wa ndege ukafungwa. Siandiki hapa juu ya nani anatawala na nani anapaswa kutawala, wengine wanaandika hayo kila siku. Ninaandika juu ya mtu aliyeshuka kwenye boti asubuhi na ambaye jioni mtoto wake anamngojea ng'ambo ya pili.

Mtu huyu anapewa mashauri gani? Akiwa mgeni wa kizungu au mfanyakazi wa shirika, anapewa karatasi ndefu: usitoke, usiongee na watu, usipande pikipiki, usile kando ya njia, mwone kila mtu kama mwizi. Akiwa Mukongomani mwenzetu, hapewi kitu. Ninapinga hayo yote mawili. Hiyo karatasi ndefu ni tusi kwa wakaaji wa Goma, lakini hilo tungeweza kulimeza, tumemeza makubwa kuliko hayo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inamfundisha msafiri kumkimbia mtu yule yule ambaye angemsaidia. Siku mambo yanaharibika mjini, nani wa kwanza kujua? Ni yule mama anayeuza mikate kwenye njia ya bandari. Maduka yakianza kufunga saa nne ya asubuhi, yeye anajua sababu kabla ya redio, na mimi ni mtu wa redio ninayesema hivyo. Ukipita karibu naye umefumba midomo kwa sababu karatasi ilikukataza, umejinyima habari za bure.

Lakini msafiri mwenyewe si yeye ninayetaka kugombana naye. Tuongee juu ya hesabu.

Tarehe 3 Oktoba 2024, siku ya Alhamisi, boti Merdi ilikuwa inatoka Minova kuja Kituku. Ilipinduka mita mia chache tu kabla ya kufika, watu waliokuwa kando ya ziwa wakiona kwa macho yao. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Siku ile ile gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema kulikuwa watu 278 ndani na kwamba 78 walikufa. Kisha upande wa Kivu ya Kaskazini wakatangaza maiti 34. Angalia tofauti hiyo. Watu 44 ni kijiji kidogo, ni madarasa yaliyojaa, na sisi hatukuweza kusema kama wamekufa, kama wamepona, au kama hawakupanda kabisa. Katika kazi yangu swali la kwanza baada ya ajali ni moja: walikuwa wangapi? Na jibu ni lile lile kila mara, kila mtu anakutajia namba yake.

Haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2019 boti nyingine iliyotoka Goma ilizama upande wa Kalehe. Raisi Félix Tshisekedi alitangaza kwamba watu kama 150 hawaonekani, akaenda mwenyewe mahali pale, na kukatolewa amri kwamba kila msafiri avae jile. Amri nzuri. Baada ya miaka mitano, Merdi ilitembea katika amri hiyo hiyo. Jile zinafungiwa ndani ya gunia chini ya kiti, au ni kumi kwa watu mia, au mtu anaambiwa aivae wakati wa kupita mbele ya wakaguzi kisha airudishe. Amri bila mtu wa kuhesabu ni karatasi tu.

Sasa nitoke kidogo kwenye ziwa letu, nitarudi. Tarehe 18 Machi 2015, meli mbili kubwa za watalii, MSC Splendida na Costa Fascinosa, zilikuwa zimefunga La Goulette, bandari ya mji wa Tunis kule Tunisia. Wasafiri walishuka kwa matembezi ya siku moja, na wengi walipelekwa kwa basi kwenye jumba la makumbusho la Bardo. Watu wenye silaha waliwashambulia pale na kuua zaidi ya watu 20, karibu wote watalii. Ule mji haukuwa umetulia, na mapinduzi ya 2011 yalikuwa bado ya juzi. Ninachotaka muone ni kilichofuata jioni. Kwenye meli kama zile kila msafiri ana kadi, inasomwa akishuka na inasomwa akirudi. Kwa hiyo makampuni yaliweza kusema: hawa wamerudi, hawa bado. Bwana na bibi kutoka Uhispania, bibi akiwa na mimba, walijificha usiku mzima ndani ya jumba lile. Asubuhi walipotoka kulikuwa watu wanaowatafuta kwa majina.

Kadi haikuzuia risasi. Najua, kuna mtu atanijibu hivyo. Lakini hakuna mzazi aliyezunguka wiki nzima kwenye vyumba vya maiti akiuliza kama mtoto wake alipanda basi au hakupanda. Baada ya Merdi, hapa Goma watu walizunguka.

Sisemi tuige kila kitu cha meli zile. Baada ya Bardo makampuni yalifuta Tunis kwenye safari zao, na madereva wa taksi na waongozaji wa watalii ambao hawakumuua mtu ndio walilipa. Kuna mfano mbaya zaidi. Kule Haiti, karibu na Cap-Haïtien, kampuni ya Royal Caribbean inakodi tangu miaka ya 1980 pwani inayoitwa Labadee. Imezungushiwa uzio. Mtalii anashuka, anaogelea, anakula, anapanda meli yake tena, bila kukanyaga Haiti ya Wahaiti. Januari 2010, siku chache tu baada ya tetemeko lililovunja Port-au-Prince, meli ya kitalii ilifunga pale na watu wakashuka kuota jua. Uzio ulifanya kazi yake sawasawa. Na siku nchi ilipoharibika zaidi, meli ziliacha kwenda hata huko ndani ya uzio.

Nalitaja hilo kwa sababu hapa kwetu pia kuna wenye kuota uzio. Nimewasikia: tufanye bandari moja safi ya wageni, na walinzi na hoteli, na wengine waendelee Kituku kwenye matope. Yaani tuokoe sura ya mji, watu waendelee kuzama. Mgeni na mama wa maharage wanatembea juu ya maji yale yale.

Kwa hiyo, kwa yule anayeshuka kesho asubuhi, acha nimwambie hatari anazokutana nazo kweli, kama mtu anayeshinda pale.

Ya kwanza ni saa. Wengi wanaoharibikiwa Goma wanaharibikiwa kwa sababu walikosa boti ya kurudi, giza likawakuta mjini bila ndugu, wakaanza kutafuta pa kulala na begi mkononi. Muulize saa ya kurudi mwenye kuendesha boti mwenyewe. Wakomisionere wa pale mlangoni watakuambia saa yoyote ili ununue tiketi. Na boti ya mwisho usiifanye yako, fanya yako ile ya mbele yake, maana ile ya mwisho ndiyo inayojazwa mpaka maji yanakaribia ukingo. Ukiona imejaa, lala Goma. Ni afadhali usiku mbaya kwenye benchi la kanisa.

Motari usimwogope, lakini usimchukue yule anayekuvuta mkono. Mwombe mwenye duka akuitie anayemjua, mkubaliane bei kwa franka kabla ya kupanda. Picha za bandari, za askari, za barieri, acha kabisa. Simu nyingi zimechukuliwa hivyo, na mwenye simu akapoteza pia nusu siku ofisini mwa mtu. Maji ya ziwa usinywe, hata kama unaona watu wanachota. Kipindupindu tunakifahamu hapa tangu 1994.

Na kuogelea. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wageni wanapenda kusema ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, basi ni salama. Ni kweli halina. Lina mazuku. Kando ya ziwa upande wa Goma kuna mashimo ambamo hewa ya kaboni inatoka chini ya ardhi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala chini, haionekani, na mara nyingi hainuki. Mtu anainama kufunga viatu, anaanguka. Mwenzake anashuka kumwinua, anaanguka naye. Asubuhi mapema, upepo ukiwa bado umelala, ndio ubaya wake unazidi. Mtoto wa mtaa ule atakuonyesha kwa kidole mahali mbuzi wake alikufa. Karatasi ndefu inasema usiongee naye.

Hayo yote msafiri anaweza kuyafanya mwenyewe. Sasa yale asiyoyaweza. Hawezi kujiandika mwenyewe kwenye orodha ambayo haipo. Hawezi kuwasha taa kwenye ngazi za bandari. Hawezi kusimama mbele ya boti na kusema sisi tumeshatosha, tuondoke. Ninaomba vitu vichache sana kwa wenye boti na kwa ofisi za usafiri wa ziwani, pande zote, Goma, Minova, Bukavu, Idjwi. Daftari la majina, karatasi mbili mbili, moja inabaki bandarini na moja inaenda na boti, pamoja na namba ya simu ya ndugu wa kila mtu. Anayesema anarudi leo awekewe alama, na jioni mtu aangalie nani hakurudi, apige ile simu. Idadi ya watu ambayo boti inaruhusiwa kubeba iandikwe kwa rangi ubavuni, kubwa, isomeke kutoka njiani. Na ubao wa chaki unaosema kwa Kiswahili boti ya mwisho inaondoka saa ngapi, na kama leo mji una shida mtaa gani.

Najua majibu. Watasema ni wakati wa vita. Lakini ni wakati wa vita ndipo orodha inahitajika, mji uliotulia unaweza kubahatisha. Watasema hakuna pesa. Ndugu zangu, pale mlangoni msafiri analipa, na analipa tena, na kila malipo yana kikaratasi chake na muhuri wake. Kila jioni kuna mtu anayejua ni franka ngapi zimeingia, mpaka ya mwisho, na ikikosekana moja atatafutwa aliyeichukua. Basi wasituambie kwamba hawajui kuhesabu.

Madaftari yanauzwa sokoni Kituku, hapo hapo juu ya bandari. Wiki ijayo nitapita tena, na nitauliza kwenye kila boti: la kwenu liko wapi? Majibu nitayaandika hapa, boti kwa boti.