Mshahara wa Kujilipa Mwenyewe

Kila nikirudi Lamu siku hizi, pale Mkunguni simkosi kijana mwenye simu mkononi ananiambia: "Ndugu yangu, kila mwezi pesa inaingia. Na sifanyi kazi!"

Namwelewa. Mimi nilikuwa yeye. Tulipouza mashua ya marehemu baba, fungu langu la urithi lilikuwa 300,000. Nikalitia lote kwenye mfuko wa hisa za Marekani unaolipa kila mwezi. Nikajiona tajiri.

Sasa sikiliza mifuko hiyo inavyofanya kazi, maana wanaoisifu hawafiki hapo. Mfuko unanunua hisa za makampuni makubwa. Kisha unamuuzia mtu mwingine haki ya kuzinunua hisa hizo kwa bei iliyopangwa leo, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja. Mtu huyo analipa ada. Ada hiyo ndiyo unayoletewa, ukaiita mshahara.

Tuseme ni mashua. Yako ina thamani ya laki tatu. Jirani anakupa elfu tano, naye anapata haki ya kuinunua kwa laki tatu na elfu kumi hadi mwisho wa mwezi. Bei ikipanda hadi laki tano, anaichukua kwa bei mliyoandikiana. Ikipasuka mwambani, hasara ni yako, yeye amepoteza elfu tano tu. Yaani umeuza neema, ukabaki na balaa.

Mfano uko wazi. Mfuko wa QYLD ulianza Desemba 2013 kwa bei ya kama dola 25. Mwisho wa 2024 ulikuwa chini ya dola 19. Katika muda huohuo faharasa ya Nasdaq-100, yenye hisa zilezile, ilipanda zaidi ya mara tano. Ni kweli, wenye QYLD walipokea malipo miaka yote hiyo. Lakini malipo hayo hayakukaribia kuziba pengo hilo. Na Mkenya hukatwa asilimia 30 ya gawio kabla halijamfikia, kwa kuwa Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato.

Mahesabu yangu baada ya miaka miwili: nimepokea kama 50,000. Mtaji umebaki 236,000. Jumlisha. Nimejilipa pesa zangu mwenyewe, na bado 14,000 hazipo.

Utasema: si ungeyarudisha malipo ndani yakazaa? Sawa, lakini basi ulinunua mshahara wa nini? Mzee aliyestaafu, mwenye akiba nyingine, anaweza kuwa na sababu ya kuuza faida ya kesho ili ale leo. Wewe wa miaka 25 huna mali ila hiyo kesho, na ndiyo unayoiuza.

Kwetu Waislamu kuna jambo jingine. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, Jeddah, ilitamka mwaka 1992 kwamba mikataba hii ya kuuza haki tupu haijuzu. Sijamsikia kijana hata mmoja pale Mkunguni akiuliza.

Baba hakuwahi kusikia soko la Nasdaq, lakini hili alilijua. Samaki wakiuzwa, mabaharia walichukua mafungu yao, na chombo nacho kikapata fungu lake. Hilo hatukulila lote. Lilinunua pamba ya kalafati, mafuta, misumari, tanga. "Chombo nacho kina tumbo," alikuwa akisema. Kusi ikivuma, bahari ikachafuka, tulikaa bila kitu, na hapakuwa na mtu wa kutuletea pesa tarehe moja ili tuamini kwamba tumevua.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha malipo ya mwezi, usiulize ni asilimia ngapi. Muulize: na chombo, kimebaki kiasi gani?

Mimi sikuuliza. Mashua ile sasa inavuliwa na watu wengine, na kila nikishuka gatini naiona.